Mechi Aliyoiweka Pimbi Mkiani

— Jamani, mlango wa ngano uko wazi?
— Uko wazi, pita.
— Nipite na uongo wangu?
— Pita nao, ukweli tunao nyumbani.

Basi kaeni vizuri. Palikuwa na bonde likiitwa Chamkuti, na katika bonde hilo wanyama walikuwa na vyuo. Msicheke. Nyani walikuwa na chuo chao, Ngedere chao, Swala chao. Hata Kobe walikuwa nacho, ingawa wanafunzi wake walifika darasani mwalimu akishaondoka. Walisoma nini, sijui. Ninachojua ni kwamba vyuo vyote vilicheza mpira.

Msimu mzima wa mvua walicheza, huyu kamfunga yule, yule kamfunga huyu. Mvua ikikatika, ligi inaisha, zinabaki mechi za kufungia msimu. Hizo ndizo zilizongojewa. Ila zilichezwa zote siku moja, kwa wakati mmoja, kila moja kwenye uwanja wake, na mnyama hana miguu ya kwenda njia mbili. Ilibidi uchague. Ukichagua vibaya, mwaka mzima unasimuliwa na wenzio.

Hapo ndipo Pimbi alipopata kazi. Pimbi mnamjua, yule mnyama wa majabali, kimo chake hakifiki goti la mbuzi na mkia hana. Alizunguka viwanjani, akatazama mazoezi, akasikiliza makocha wakigombana. Kisha alipanda juu ya jabali lake akazipanga mechi, kuanzia ile ambayo kila mtu ataitaka, mpaka ile ambayo hata mama mzazi wa mchezaji atasingizia ugonjwa asiende. Na Pimbi hakukosea.

Shida ilikuwa Kiboko.

Pimbi akisema mechi fulani ni ya kwanza kwa utamu, Kiboko huyo, du, du, du, anakwenda kukaa mbele. Kiboko akikaa mbele, nyuma yake panakuwa jioni. Wadogo wote wanabaki kutazama mgongo. Na chakula walichobeba anakila yeye. Mwaka uliotangulia, Nyani na Ngedere wakicheza, mpira ulitoka nje ukamwangukia miguuni. Akadhani ni tikiti maji. Gulup. Mechi ikaishia hapo.

Sasa mwaka huu Pimbi alikuwa na jambo lake moyoni. Binti yake, Sikudhani, alisoma kwenye chuo cha Ngedere, naye alikuwa kipa. Ndiyo, pimbi, kipa. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho chuoni, na baba yake hajawahi kumwona akidaka hata shuti moja siku ya mechi. Kila alipokwenda, aliona mgongo.

Asubuhi ya kutangaza mechi, Kiboko alifika mapema chini ya jabali.

"Pimbi."

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Kesho mechi ipi tamu?"

"Natangaza sasa hivi, mzee, kila mtu asikie."

"Tangaza. Ila ukinidanganya, nitalikalia jabali lako, wewe na wanao mkiwa ndani."

Kiboko hakuwa na mzaha, na jabali lile lilikuwa na ufa tayari.

Wanyama walikusanyika. Pimbi akasimama juu, akasafisha koo.

"Ya kwanza," akasema, "ni Nyani na Ngedere. Watani wa jadi. Mwaka jana haikuisha, mnajua kwa nini, kwa hiyo hawajui nani mbabe, na wote wana hasira. Mimi mwenyewe nitakwenda.

"Ya pili, Swala na Pundamilia. Mtaona mbio. Tatizo la Swala, akishafunga goli anaendelea kukimbia, mpaka mwisho wa mechi hajarudi.

"Ya tatu, Ngiri na Nungunungu. Ina vumbi na ugomvi mzuri. Lakini kila Nungunungu akipiga kichwa, psss. Chukueni mipira ya akiba.

"Ya mwisho, Kobe na Konokono. Hiyo siwatumi."

Wanyama wakacheka. Kiboko akanguruma, "Kesho nitakuwa kwa Nyani na Ngedere, mbele kabisa," na kicheko kikakatika. Wakatawanyika wakiwa wanyonge.

Sikudhani alibaki. "Baba, kesho utaniona?"

"Nitakuona."

"Na Kiboko?"

"Naye ataona yake. Nenda mazoezini."

Kiboko alikuwa bado pale chini, anatafuna majani. Pimbi akageuka taratibu, akatazama upande wa uwanja wa Kobe, akatabasamu kidogo, kama mtu aliyeficha nyama.

"Unatazama nini?" Kiboko akauliza.

"Hakuna kitu, mzee."

Kiboko akaenda zake, du, du, du. Akasimama. Akarudi, du, du, du.

"Hakuna kitu gani?"

"Ni ile mechi ya mwisho tu."

"Si umesema haifai?"

"Nimesema siwatumi. Sikusema haifai."

Kiboko akaenda zake, du, du, du. Akafika kwenye kichaka, akasimama, masikio yakatikisika, pwi pwi. Akarudi, du, du, du.

"Kwa nini huwatumi?"

"Hawana subira, mzee. Tangu bonde liwe bonde, goli la Kobe halijaonwa na jicho la mnyama. Mwaka jana mpira ulifika karibu kabisa na mstari. Watazamaji wakachoka, wakaondoka."

"Ukaingia?"

"Sijui. Nami niliondoka."

Kiboko akaenda zake, mpaka mtoni. Aliingia kwenye maji, akatoka. Aliingia tena, akatoka. Jua limepinda, huyo anarudi, du, du, du, anahema.

"Pimbi. Mtu akikaa mpaka mwisho, ataliona?"

"Likiingia, ataliona. Na atakuwa yeye peke yake duniani."

"Viti vya mbele vipo?"

"Vyote vitupu, mzee. Hakuna wa kukuziba."

Kiboko akainama mpaka pua yake ikagusa jabali. "Usimwambie mtu. Goli hilo ni langu."

"Nimwambie nani, mzee?"

Na hapo, wasikilizaji wangu, naomba mkumbuke kwamba Pimbi hakusema uongo hata neno moja. Mwongo hapa ni mimi.

Siku ya mechi ikafika. Kiboko alikaa mbele kabisa, kwenye uwanja wa Kobe na Konokono, peke yake. Refa alikuwa Kinyonga. Kinyonga alianza kuinua filimbi. Akainua. Akainua. Filimbi ilipofika mdomoni jua lilikuwa kali. Pwiii.

Kobe mshambuliaji akaweka mguu juu ya mpira. Akafikiri. Akausukuma. Mpira ukaviringika, viri, viri, ukasimama.

Kule mbali, kwenye uwanja wa Nyani na Ngedere, mashabiki walinguruma, huuuu. Kiboko akanyanyuka aende. Kobe akainua mguu. Kiboko akakaa.

Ngozi ya Kiboko haipendi jua. Mgongo ulianza kumwasha, kisha kupasuka. Kule mbali tena, huuuu. Kiboko akanyanyuka. Kobe akausukuma mpira mbele, viri, viri. Kiboko akakaa.

"Refa," akaita, "bado sana?"

Kinyonga alikuwa na jicho moja kwenye mpira, jicho la pili akalileta kwake. "Mpira unakwenda, mzee," akasema.

Na kwa kweli ulikuwa unakwenda.

Huku kwenye mechi ya kwanza kwa utamu, Pimbi alikaa mbele, katikati ya Digidigi na Kanga. Aliuona uwanja wote, kona zote nne. Siku ya mechi hakuwahi kuuona mpana vile. Ngedere walikuwa wakiongoza goli moja kwa bila, na dakika za mwisho Nyani wakapata penalti.

Sikudhani alisimama golini. Kwa udogo wake, ungesema goli halina mtu. Nyani mpigaji akacheka, akarudi nyuma, akaja mbio. Pimbi alitaka kufumba macho, akakumbuka alivyongoja, akayaacha wazi.

Pa.

Mpira ulikwenda chini, kushoto, pale ambapo makipa warefu huchelewa kuinama. Sikudhani hakuwa na cha kuinama. Aliulalia tumboni, akaukumbatia, hakuuachia mpaka filimbi ya mwisho. Uwanja ulilipuka. Pimbi hakupiga kelele. Alikaa tu, machozi yanamtiririka, na Kanga akamwazima ubawa ajifute.

Jioni baba na binti walirudi nyumbani wakisimuliana. Walipokaribia jabali wakasikia, du, du, du. Pimbi akamsukuma Sikudhani ndani ya ufa, akabaki nje peke yake.

Kiboko alitokea mgongo mwekundu kama tofali, midomo imekauka.

"Pimbi."

"Naam, mzee."

"Huko nani kashinda?"

"Ngedere. Moja bila."

Kiboko alitikisa kichwa polepole. "Huku bado," akasema. "Konokono kapata kona."

Akapita. Akashuka mtoni, akalowesha mgongo, akanywa maji haraka haraka, akarudi kwa njia ile ile, karibu anakimbia, asije akapitwa.

Ngano imefika, imetua mzigo.

— Na ipumzike.

Funzo lake ni hili. Mkubwa apewe kiti cha mbele siku zote, asizibwe na mtu. Na nyinyi watoto, acheni udadisi. Mwenye kuuliza uliza hapati kitu.

— Na ile kona, shangazi? Ilizaa goli?

— Nimesema acheni udadisi.