Nani Aliyewasha Jiko la Mwalimu Ludovika?

Sogeeni, mnaosikia na mnaojifanya hamsikii. Leo sikuja na hadithi ya kulalia, nimekuja na ya kugombania. Nikiimaliza nitanyamaza mimi, na kelele zitakuwa zenu.

Ng'ambo ya mto Lugwe, katika kitongoji cha Magombela, walikuwapo wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Adelina, muuza samaki wakavu. Huyo Mungu alimpa pua. Akipita nyuma ya nyumba yako asubuhi, alijua jana ulikula nini. Samaki mmoja aliyeanza kuharibika ndani ya tenga zima, Adelina alimtoa huku anaongea na mteja, bila hata kuinama.

Wa pili ni Mwalimu Ludovika, mjane mstaafu aliyefundisha kwaya ya kigango miaka thelathini. Huyo alipewa sikio. Waimbaji arobaini wakipaza sauti, mmoja akateleza kidogo tu, Mwalimu alimnyooshea kidole akiwa amefumba macho.

Wa tatu ni Getruda, msusi. Huyo alipewa vidole. Alisuka huku akitazama wapita njia, na mistari ikatoka imenyooka kama matuta ya viazi. Sindano ikipotea mkekani, aliitwa yeye, naye aliipapasa mara moja tu akainuka nayo.

Mambo yenyewe, hata hivyo, yalimfika mwanamke wa nne, Eusebia, ambaye hakuwa na kipaji chochote cha kusimuliwa. Alikuwa na binti mmoja tu, Salvina, na Salvina alikuwa na mimba ya miezi minane.

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Siku ya tatu alfajiri mto ukavunja kingo. Daraja likaenda, nguzo za umeme zikalala, na nyumba za bondeni zikajaa maji hadi madirishani. Watu wakapanda kilimani, wengine wakaenda shuleni, wengine kanisani. Eusebia alimkokota binti yake hadi nyumba ya Mwalimu Ludovika, iliyokuwa karibu zaidi, kwa sababu Salvina hakuweza tena kutembea. Uchungu ulikuwa umeanza. Mume wa Salvina, Fidelis, alikuwa ng'ambo ya pili ya mto, na njia ya kurudi haikuwapo.

Mtoto akazaliwa saa mbili asubuhi, mikononi mwa bibi yake. Alikuwa wa kike, mdogo kama kifaranga, mwepesi kama khanga iliyokunjwa. Alilia mara moja, sauti nyembamba, kisha akanyamaza.

Eusebia alimfuta, akamweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kama alivyowahi kufundishwa na mkunga. Lakini kifua chenyewe kilikuwa baridi. Salvina alikuwa ametoka damu nyingi, nguo zake zililowa tangu usiku, na meno yalikuwa yakigongana. Baridi itampashaje joto baridi mwenzake?

"Mama," Salvina akanong'ona, "mbona hanyonyi?"

"Amechoka, mwanangu. Atanyonya."

Akasema hivyo, huku ameshika unyayo wa mjukuu wake kati ya vidole viwili, na unyayo ule ulikuwa kama kokoto ya mtoni. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kuwa ya buluu.

Maji ya moto. Hayo tu ndiyo yaliyohitajika: maji ya moto kwenye chupa, zifungwe kwa vitenge, ziwekwe ubavuni mwa mama na mtoto, na uji wa moto tumboni mwa Salvina. Kuni zote zilikuwa zimelowa. Magunia ya mkaa yalikuwa chini ya maji. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na jiko moja la gesi, la plate mbili, ambalo Mwalimu hakuligusa tangu mumewe afariki mwaka uliotangulia. Plate moja ilikuwa imeliwa na kutu. Iliyobaki ndiyo ilikuwa tumaini la watu wote wa nyumba ile.

Eusebia akaburuta mtungi, akafungua gesi, akazungusha kitufe cha jiko. Kiberiti kilikuwa kimebaki na njiti tatu. Hapo ndipo alipotamka maneno ambayo mpaka leo hayajamwachia usingizi. Alipiga magoti sakafuni, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia:

"Ee Mungu, shahidi wangu ni wewe na hawa waliomo humu. Atakayeniwashia moto huu, mtoto huyu atachukua jina lake!"

Akatoa njiti, akaiweka kwenye ubavu wa kiberiti.

Adelina, aliyekuwa mlangoni akikamua maji kwenye khanga yake, alirukia mkono ule kama anayeua nyoka. Kiberiti kikaruka, kikadondokea kwenye ndoo ya maji ya mvua.

"Umenimaliza!" Eusebia akapiga ukelele. "Adelina, umeniulia mtoto!"

"Mama Salvina, ningekuacha uwashe, angekufa mtoto na wewe na mimi na nyumba hii. Gesi inavuja! Hamsikii harufu?"

Hakuna aliyeisikia. Wote walikuwa na harufu ya tope na damu puani. Adelina alikuwa ameshafunga mtungi. Akafungua mlango wa jikoni na madirisha yote, mvua ikawarukia. Kisha akakoroga sabuni kwenye bakuli, akapaka povu kwenye mpira wa gesi kutoka jikoni hadi kwenye mtungi, akafungua gesi kidogo tu, akatazama. Karibu na shingo ya mtungi, povu likavimba kama jicho la chura. Akafunga tena upesi. Mpira ulikuwa umekauka na kupasuka pale mwishoni. Akaukata kwa kisu sehemu mbovu, urefu wa vidole viwili, akauchomeka upya hadi mwisho, akaukaza kwa kibano chake kwa ncha ya kisu mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Akapaka povu mara ya pili. Halikuvimba.

"Sasa tuwashe!" Eusebia akasema.

"Bado. Gesi haipandi kama moshi, inalala chini kama maji. Subiri."

Wakasubiri. Eusebia alihesabu pumzi za mjukuu wake, na kati ya pumzi na pumzi palikuwa na nafasi ambayo mtu angeweza kufia. Adelina alitambaa sakafuni, pua chini, kona kwa kona, akipepea kwa ungo kuelekea mlangoni. Alipoinuka alisema, "Imetoka. Hakuna tena."

Zile njiti tatu zilikuwa zinaelea ndooni, vichwa vimeyeyuka.

Mwalimu Ludovika akafungua gesi, akazungusha kitufe, akainamisha sikio juu ya jiko. Wengine wakamtazama midomoni.

"Halipumui," akasema.

"Vipi halipumui, Mwalimu? Mtungi si mzito?" Eusebia akauliza.

"Mtungi umejaa. Lakini jiko lililo zima hutoa sauti, hupuliza kama mtu anayepooza chai. Hili linafoka kidogo kwa chini kisha linakabwa. Kuna kitu kooni."

Akafunga gesi. Akaondoa kichwa cha jiko, akaligeuza jiko kifudifudi, akaligonga kwa kisigino cha kiganja huku anasikiliza, hapa, hapa, hapa, mpaka mlio ukabadilika. Ndani ya bomba dogo linalopeleka gesi juu, nyigu walikuwa wamejenga nyumba yao ya udongo. Aliubomoa udongo ule kwa mpini wa kijiko, ukatoka vipande vipande. Kikabaki kitundu chenyewe kinachotema gesi, chembamba kuliko tundu la sindano, nacho kimeziba. Eusebia akamletea msumari.

"La! Ukikipanua kitatema moto mkubwa utuunguze." Akachomoa unyasi mmoja kwenye ufagio, akakizibua taratibu, anapuliza, anasikiliza, anapuliza tena. Alipofungua gesi, jiko likasema *ssss*, sauti moja nyororo, bila kukwama.

"Sasa linaimba," akasema. Machozi yalikuwa yakimtoka, maana kabla ya siku ile hakuwa ametaka kusikia sauti ile bila mumewe.

Gesi ilikuwapo, njia ilikuwapo, moto haukuwapo. Kiwashio cha jiko kilipobonyezwa kililia *ta! ta!* na hakikutoa cheche hata moja. Eusebia alikibonyeza mpaka kidole gumba kikachubuka. Nyuma yake Salvina alikuwa ameacha kutetemeka, na kila aliyewahi kuuguza anajua kwamba hiyo si dalili njema.

"Niachieni mimi," ikasema sauti kutoka pembeni.

Alikuwa Getruda. Tangu aingie alikuwa ameketi peke yake karibu na kabati, na kisa chake kilijulikana. Miaka miwili nyuma, hereni za dhahabu za Salvina zilipotea siku aliyokuja kumsuka, na Eusebia alimfukuza uani mbele ya majirani, akamwita mwizi. Baada ya mwezi hereni zilionekana ndani ya godoro. Eusebia aliona aibu, akanyamaza. Hakuwahi kuomba radhi.

Eusebia akampisha. Hakuweza kumtazama usoni.

Getruda akapitisha vidole chini ya jiko, mahali ambapo jicho halifiki. Akakutana na waya wa kiwashio uliokuwa umechomoka, na kishikizo chake kimekatika. Akakausha ncha inayotoa cheche kwa upindo wa gauni, akakwangua masizi kwa ukucha, akaisogeza karibu na kichwa cha jiko kiasi cha punje ya mchele kulala katikati. Akaurudisha waya. Ukaanguka. Akaurudisha tena. Ukaanguka.

"Hautakaa," akasema. "Lazima niushike. Mama Salvina, bonyeza."

Eusebia akabonyeza. *Ta!* Getruda akaruka, maana umeme wa kiwashio ulipita mkononi mwake badala ya kwenda kwenye ncha.

"Bonyeza!"

*Ta!* Akauma meno. Akasogeza kidole kidogo mbele.

"Bonyeza, mama, usinionee huruma!"

Mara ya sita cheche ikaruka, ya buluu. Eusebia akafungua gesi, akabonyeza mara ya saba, na moto ukadaka kwa kishindo, *puu!* Getruda hakuwahi kutoa mkono. Vidole viwili vya mkono wa kulia viliungua, kidole gumba na cha shahada, ndivyo vidole vya kusukia.

Maji yakachemka. Wakayapooza kidogo, wakajaza chupa, wakazifunga, wakazipanga kumzunguka Salvina. Uji ukaingia tumboni kwake kijiko kwa kijiko. Eusebia alikaa ameshika ule unyayo mdogo. Alikaa hivyo mpaka adhuhuri, hasali tena. Kisha akahisi unyayo ukimsukuma. Mtoto akafungua mdomo, akalia, na safari hii hakunyamaza upesi.

Maji yalipungua siku ya tano. Fidelis alivushwa kwa mtumbwi, akampakata mwanawe, akauliza jina. Watu wakamsimulia nadhiri ya mama mkwe wake.

Siku ya kumtoa mtoto nje ilipofika, ua wa Mwalimu Ludovika ulijaa. Kwa desturi yao, mtoto ana somo mmoja tu, yule mwenye jina lake, na huyo ndiye anayembeba kumvusha kizingiti aone jua kwa mara ya kwanza. Majina hayagawanywi, na kizingiti hakivukwi na watu watatu kwa mtoto mmoja. Fidelis akasema, "Nadhiri ni ya mama mkwe, yeye ndiye aitimize." Salvina naye akakubali.

Adelina akasimama. "Mimi sikuwasha moto, kweli. Niliuzima ule ambao ungetuzika. Tungekufa wote, moto angewashiwa nani?" Naye hakuwa na mtoto wala mdogo wake, jina lake lingekwisha naye.

Mzee mmoja akamjibu, "Lakini kiberiti ulikizamisha wewe. Bila hivyo Mwalimu angekuta njiti, na Getruda asingeungua."

Mwalimu Ludovika akasema, "Moto ni gesi, na gesi mimi ndiye niliyeitoa kooni. Cheche bila gesi ni kimulimuli tu."

Akajibiwa, "Jiko ni lako, Mwalimu. Ungelitunza, nyigu wangejenga wapi? Na mpira ungepasukaje?"

Getruda, mkono umefungwa kitambaa, alisema machache. "Nadhiri ilisema atakayewasha. Nilikuwapo, mlikuwapo, mliona nani amewasha."

Naye akapata jibu lake. "Wenzio walikata mti, wewe ukausukuma. Tena nani ajuaye kama Mama Salvina hatakupa jina ili alipe deni la ulimi wake? Nadhiri ni ya Mungu, si kitambaa cha kufutia aibu."

Eusebia alisimama mlangoni, mtoto mikononi, ndani kuna giza na nje kuna jua. Alimtazama Adelina, akakumbuka mkono uliompiga. Alimtazama Ludovika, akakumbuka wimbo wa jiko. Alimtazama Getruda, akakumbuka hereni ndani ya godoro. Yeyote ambaye angemchagua, angewadhulumu wawili, na asipomchagua yeyote, angemdhulumu Mungu. Wanawake watatu wakanyoosha mikono pamoja, sita kwa jumla, na mtoto alikuwa mmoja.

Mimi nimefika hapa, ulimi wangu haujui njia zaidi. Mlango uko wazi na mtoto anasubiri jina. Je, wewe ungekuwa Eusebia, ungemweka mikononi mwa nani?