Wagumu Wanne Waliokwenda Bolivia

Hapo zamani, na si zamani za babu zenu, zamani za juzijuzi ambapo wengi wenu mlikuwa mmeshazaliwa, huku kwetu Marangu walikuwako wapagazi wanne wa mlimani. Sogeeni karibu. Hadithi hii haina pa kucheka isipokuwa mwanzoni, na hapo mwanzoni mcheke upesi, maana sitawasubiri.

Wapagazi hujiita wagumu. Mimi nilikuwa mpishi wao mlimani miaka tisa, kwa hiyo ninayoyasema nayajua. Mgeni hutembea polepole na kijifuko mgongoni chenye maji na biskuti. Mgumu hubaki nyuma akifunga vyombo, kisha humpita mgeni njiani akiwa na kilo ishirini kichwani, na mgeni akifika kambini hukuta chai imechemka. Wa mwisho kuondoka, wa kwanza kufika. Ndivyo kazi ilivyo.

Wa kwanza kati ya hao wanne ni Nderingo, mkubwa wao, aliyejua njia zote za mlima. Wa pili ni Aikande, mwanamke pekee, ambaye pia alikuwa na duka dogo la fotokopi pale sokoni. Wa tatu ni Elisaria, mtu wa maneno machache. Ukimpa siri, haitoki. Wa nne ni Aminieli, mdogo wao kwa umri, mtoto wa pekee wa mjane tuliyemwita Mama Aminieli.

Hao wanne walichoka. Uzito wa mizigo haukuwachosha, kilichowachosha ni kwamba mizigo ilikuwa ya watu. Wageni waliwasimulia kila msimu: kuna milima Ekwado, kuna milima Peru, kuna uwanda wa chumvi Bolivia mweupe mpaka macho yanauma, kuna nchi inaitwa Chile, ndefu haina mwisho. Siku moja tukiwa tunashuka, Aminieli akasema, "Hawa wanazunguka dunia na mabegi tunayowabebea sisi. Kwa nini na sisi tusizunguke na yetu?"

"Na kampuni gani?" Nderingo akauliza.

"Bila kampuni. Bila kiongozi. Bila mpagazi."

Basi wakaanza kupanga. Kila Jumapili baada ya ibada walikutana dukani kwa Aikande. Walichapa ramani kwenye karatasi kumi na mbili, wakaziunga kwa gundi, wakaibandika ukutani, na Chile ikashuka mpaka nyuma ya ndoo ya maji. Mteja akija kutoa fotokopi ya cheti cha ubatizo, anaambiwa asubiri, Peru haijakwisha. Mwaka wa kwanza wakapanga. Mwaka wa pili wakapanga. Mwaka wa tatu wakapanga. Watu wakawatania, "Nyie mtafika lini? Mmeshazeeka mkiwa Kolombia." Kolombia wakaifuta, wakabakiza nchi nne.

Kazi waligawana. Nderingo alipewa njia. Aikande alipewa karatasi na dawa: pasipoti, viza, kadi za chanjo ya homa ya manjano, na maneno ya Kihispania ya kuwafundisha wenzake. Elisaria alipewa mabegi na mahema, na kwa kuwa watatembea wawiliwawili, alipewa pia kumwangalia Aminieli. Nderingo na Aikande, Elisaria na Aminieli. Walikubaliana hivyo na wakaandika: kila mmoja amchunge mwenzake, na akiona jambo aseme. Aminieli hakupewa kazi. Aliyeleta wazo, walisema, ameshafanya yake.

Mmecheka? Basi tuendelee.

Njia ya Nderingo ilikuwa nzuri, hilo nalikubali hata leo. Waingie Chile, wapande kaskazini kando ya bahari hadi mji wa Arica. Kutoka Arica wapande mlimani hadi kijiji cha Putre, wakae hapo siku tatu miili izoee hewa nyepesi. Kisha Bolivia, kisha Peru, kisha Ekwado. Lakini Bolivia kulikuwa na mlima mmoja unaoupita wetu kwa urefu, na Nderingo aliutaka. Akahesabu siku za viza, akakuta zimepungua tatu. Akachukua kifutio.

"Putre ya nini?" akasema. "Siku tatu tunakaa kijijini kupunga hewa? Kupumzika ni kwa wageni. Sisi ni wagumu."

Akafuta Putre. Wote wakacheka, na Aminieli alicheka kuliko wote.

Zamu ya Aikande ikafika. Kwenye orodha yake ya dawa alikuwa ameandika za malaria, za kuharisha, za homa, na mwisho vidonge vya mlima, vile tunavyoona wageni wanameza kabla ya kupanda. Wanaume watatu wakamtazama. Nderingo akamwuliza kama yeye naye siku hizi amekuwa mgeni. Aikande alijua. Yeye peke yake kati yao alikuwa amesoma kwamba mwili uliokaa chini muda mrefu husahau mlima, hata kama umefika kileleni mara mia mbili. Alijua, akaona aibu, akachukua kalamu, akakata.

Akawafundisha Kihispania. Maji yako wapi. Basi linaondoka lini. Ninaumwa kichwa. Aminieli akasema hilo la mwisho waliruke, halina kazi kwake, na likarukwa.

Wakaondoka wakati wa masika, mlima ukiwa hauna wageni. Mama Aminieli aliwasindikiza hadi barabarani. Aliwapa mkono wale watatu waliokwenda na mwanawe, mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mmoja alisema neno lilelile, "Utanirudishia." Wote watatu walijibu ndiyo.

Wiki tatu walikaa kando ya bahari ya Chile wakila samaki na kulala kwenye mahema yao. Wiki tatu, nyie. Ukijumlisha na majuma waliyokaa nyumbani kabla, ilikuwa zaidi ya miezi miwili hawajaonja baridi ya juu. Kisha asubuhi moja wakapanda basi pale Arica, na basi likaanza kupanda. Lilipanda asubuhi nzima. Kufikia mchana lilikuwa mpakani, mahali palipo juu kama kambi ya Kibo. Umbali ambao sisi tunampandisha mgeni kwa siku nne, wao waliumaliza kabla ya chakula cha mchana.

Hapo mpakani abiria walishuka kugonga mihuri. Aminieli akamvuta Elisaria pembeni, nyuma ya basi. Akamwambia, "Kaka, kichwa kinapasuka. Na kifua nacho kimeziba."

Elisaria akasema, "Tuwaambie wenzetu."

"Usiwaambie. Nakuomba. Watarudi kwa ajili yangu, na miaka mitatu yote itakuwa imeharibiwa na mimi. Kitapita."

Karibu na basi lao lilikuwa limesimama basi lingine, linashuka kurudi baharini, limebakiza viti. Elisaria aliliona. Akamtazama Aminieli, akaona midomo yake imebadilika rangi. Akanyamaza. Basi la kushuka likashuka, lao likaendelea na safari.

Jioni waliingia mji wa La Paz, na mji wenyewe umekaa juu sawa na kambi yetu ya Horombo, ile iliyo chini ya Kibo. Huku kwetu mtu akizidiwa juu, wagumu wanamweka kwenye machela ya gurudumu moja na kumkimbiza chini, na ndani ya saa chache anazungumza. Kule hakuna chini ya karibu. Asubuhi Aminieli hakuweza kusimama. Walimbeba mgongoni kwa zamu hadi hospitali, Nderingo, Elisaria, Aikande, kisha Nderingo tena, na kabla ya saa saba mchana alikuwa amekufa. Daktari alisema mapafu yalijaa maji. Alisema pia kwamba angeshushwa jana yake, angepona. Aikande ndiye aliyelazimika kuwatafsiria wenzake.

Peru hawakuiona. Ekwado hawakuiona. Walirudi na jeneza, na tukamzika Aminieli kwenye kihamba, lile shamba la nyumbani alilorithi baba yake, kati ya migomba, mvua ikinyesha. Mama yake hakulia mbele yetu. Nilimpelekea uji, hakuunywa. Niliumia kuliko nilivyoumia kwa ndugu zangu wa damu, na sioni haya kusema hivyo.

Baada ya maziko wale watatu wakaanza kusukumiana. Nderingo alisema, "Mimi nilifuta siku tatu, kweli, lakini wote mlikubali. Na kama Aikande angebeba dawa, siku tatu zisingehitajika." Aikande alisema, "Mimi nilikata dawa kwa sababu mlinicheka. Na dawa ingefaa nini kwa mtu ambaye hatukuambiwa anaumwa? Elisaria alijua." Elisaria alisema, "Mimi nilitunza siri ya mtu mzima aliyeniomba. Aliyetupandisha kutoka baharini kwa siku moja si mimi." Wiki tatu walizungushiana kosa hivyo, na kila walipokutana sokoni walipishana bila salamu.

Lakini ukoo ulitaka mambo yaishe. Na nyie mnajua mila yetu: mwenye kosa huchuma jani la sale, hulifunga fundo, humpelekea aliyekosewa, na jani hilo halikataliwi. Hata damu ikiwa imemwagika, halikataliwi. Basi Jumamosi moja mchana wote watatu wakaenda kwa Mama Aminieli, kila mmoja na jani lake. Wazee wa ukoo walikuwapo. Mimi nilikuwapo, nimesimama karibu na jiko.

Mama Aminieli alikuwa ameketi uani. Aliyatazama majani matatu, moja baada ya jingine. Kisha akasema:

"Wanangu, nimewaona. Jani la sale halikataliwi, na mimi sitakuwa wa kwanza kulikataa. Lakini Aminieli amekufa mara moja. Nitapokea jani moja, la yule aliyemwua. Huyo nitamsamehe, na tangu leo atakuwa mtoto wangu. Ataingia humu ndani bila kubisha hodi, na nikifa atanizika. Wale wawili, kama hawakumwua, hawana la kusamehewa na mimi. Wachukue majani yao waende, na humu kwangu wasirudi tena. Haya, jani ni la nani?"

Halafu, jamani, wale wale waliosukumiana kosa wiki tatu wakaanza kulivutia kila mmoja kwake.

Nderingo akapiga magoti. "Mama, ni langu. Njia ilikuwa mikononi mwangu. Nilitaka mlima wangu, nikafuta siku tatu za mwanao. Zingekuwapo, leo angekuwa hai hata bila dawa, hata kama asingesema neno. Lipokee."

Aikande akapiga magoti kando yake. "Si lako. Wewe hukujua, umefanya kwa ujinga. Mimi nilijua. Mama, mimi nilisoma, nikafahamu, nikakata kwa mkono wangu ili nisichekwe. Asiyejua na aliyejua hawawezi kuwa sawa. Lipokee langu."

Elisaria, ambaye sijawahi kumsikia akisema sentensi tatu mfululizo, akasema, "Hawa walikosea wakiwa hapa, kwenye karatasi. Mimi nilikuwa naye. Nilimwona amebadilika rangi, na basi la kurudi lilikuwa hatua kumi kutoka nilipokuwa. Karatasi haikumwua mtu siku ile mpaka mimi niliponyamaza. Mama, mimi ndiye wa mwisho aliyeweza kukurudishia, na sikukurudishia."

Wazee wakaguna. Mmoja akataka kusema, Mama Aminieli akamzuia kwa mkono.

"Baba yake Aminieli naye alikuwa mgumu," akasema. "Kuna mwaka alisema kambini kwamba anaumwa kichwa. Wakakata jina lake kwenye orodha ya wapagazi, na msimu ule hatukula vizuri. Aminieli alipopata kazi mlimani, nilimkalisha hapa hapa. Nikamwambia, mwanangu, ukiumwa kichwa, nyamaza. Usimwambie mtu. Nilimwambia kila msimu, miaka yote."

Akainuka taratibu. Akaenda kwenye ua wa masale unaozunguka kaburi jipya, akachuma jani moja, akalifunga fundo kama mila inavyotaka. Akarudi akakaa mahali pake. Sasa majani yalikuwa manne, na aliyekosewa alikuwa mmoja tu, na huyo naye alikuwa ameshika jani.

"Jani ni la nani?" akauliza tena, na safari hii sikujua anamwuliza nani.

Mimi nilitoka nikaenda zangu, sikuweza kuendelea kusimama pale. Nimewahi kuisimulia hadithi hii Rombo, nimeisimulia Machame, na kila mahali watu wameondoka wamenuniana. Nyie mmesikia yote kama nilivyoyasikia. Njia ilifutwa na mmoja, dawa ilikatwa na mwingine, siri ilitunzwa na wa tatu, na ukimya ulifundishwa na mama mwenyewe. Mkono wake uko wazi na utapokea moja tu. Je, mngekuwa nyie mle uani, mngeliweka jani la nani?