Trafiki wa Mteremkoni

Ndugu zangu, madereva wa humu ndani mnanijua, na mimi nawajua. Leo msininunie.

Kulikuwa na trafiki mmoja. Mwaka ule ajali zilikuwa zimezidi mkoa mzima, mpaka ikatoka amri kila mteremko mkali uwe na askari. Askari wenyewe wachache, barabara ndefu. Basi huyu akawa anashushwa asubuhi na gari la doria, peke yake, porini, na tochi yake ya kupimia mwendo, mpaka jioni waje kumchukua. Nyumba hakuna, simu haishiki. Kahamishwa juzijuzi, mke na watoto kawaacha mbali. Jamani, yule mtu alikuwa mpweke! Anaonwa na mamia ya watu kwa siku, na hakuna hata mmoja wa kumwambia habari za asubuhi. Wanaosimama ni aliowakamata tu, na hao wanamsonya.

Lakini nyinyi madereva mnavyopendana! Mnagombania abiria, mnatukanana, ila trafiki akiwa mbele mnawashiana taa. Nasema uongo?

Siku moja alasiri kifua kikambana. Akataka kusimama katikati ya barabara aombe msaada, miguu ikakataa. Akateleza akakaa chini, mgongo kwenye nguzo ya kibao cha hamsini, tochi mapajani. Gari la kwanza likamwona. Dereva akapunguza mwendo, akapita macho mbele, halafu akaanza kuwawashia taa wanaokuja. Nao wakawawashia wenzao. Mteremko ule haukuwahi kuona nidhamu kama ya siku ile! Kila gari hamsini, kila mtu na mkanda wake.

Akaja bwana mmoja na mkewe, wanawahi jumuiya ya jioni.

"Baba Tumsifu," mke akasema, "yule askari mbona kakaa chini?"

"Ndiyo ujanja wao huo, mama. Anajificha. Funga mkanda."

"Mbona anainua mkono?"

Kweli, alikuwa ameuinua, kidogo tu.

"Si unaona? Anaturuhusu tupite." Bwana akashusha kioo, akampungia na yeye, uso umejaa furaha. "Asante sana, afande!"

Wakapita. Hivi wewe ungefanyaje pale? Usinijibu haraka.

Kwenye jumuiya yule bwana akasimama kutoa ushuhuda. "Bwana asifiwe! Leo nilikuwa naendesha mia na ishirini, wenzangu wakaniwashia taa, nikaponea chupuchupu. Mungu ni mwema!" Watu wakacheka, wakampigia makofi. Kabla hajakaa akaingia mzee wa kanisa, amechelewa, vumbi tupu.

"Mnisamehe," akasema. "Watu wa doria wametusimamisha kule mteremkoni tuwasaidie kumpakia mwenzao. Amekutwa amekufa, amekaa pale pale kwenye nguzo. Mwenzake analia, anatuuliza, kwani leo hakuna gari lililopita?"

Mama Tumsifu akamgeukia mumewe, akamwambia polepole, "Hakuwa anaturuhusu."

Haya, niambieni, kosa la yule bwana ni lipi? Mwendo sawa. Mkanda sawa. Hata asante alisema! Mpeleke mahakama yoyote, watamwachia.

Na sisi ndivyo tunavyoishi na watu tunaowaogopa. Baba mkali, mama mkwe, bosi, jirani asiyecheka na mtu. Tukimkaribia tunapunguza mwendo, tunakuwa na adabu, shikamoo tunaitoa kwa mbali, tukishamvuka tunapumua na kumshukuru Mungu. Nani kati yetu amewahi kumtazama usoni? Nani anajua analala vipi, anakula na nani? Mtu anainua mkono, anakufa, sisi tunasifiana kwamba hajatukamata. Inaniuma sana, ndugu zangu. Adabu tunayo ya kutosha, upendo ndio sijui tumeuacha wapi.

Na msidhani wako barabarani tu. Wengine wamo humu humu, wamekaa peke yao kwenye benchi zima, na asubuhi hii tumewapita wote tukiingia. Kwaya, subirini kidogo. Wimbo hautakimbia. Wengine wote nyanyukeni, nendeni mkawasalimie sasa hivi, na mkae hapo mpaka wawajibu.