Shina Haliletwi kwa Lori

Shina haliletwi kwa lori. Mmeisikia leo kikaoni, na baadhi yenu mmecheka, maana mmewaza gogo la mti juu ya bodi ya gari. Kaeni basi niwaeleze. Methali hii haikuanza kwa kicheko. Ilianzia msibani, hapahapa Ilindiwe, na ilianza hivi.

Alikuwepo mama mmoja, Leokadia Mhema, mkulima wa viazi, mwenye sauti ya taratibu na miguu isiyochoka. Yeye na mzee Atilio Mligo ndio waliokianzisha chama chao katika kata hii. Hawakuwa na ofisi wala gari. Walitembea nyumba kwa nyumba, mlima kwa mlima, wakibisha hodi na kusalimia "kamwene" kabla ya kutaja siasa. Palipo na mgonjwa walikaa, palipo na palizi walishika jembe. Nyumba chache za jirani zikikubaliana, ziliunda shina na kumchagua balozi wao. Chama kikihitaji bendera, kila shina lilitoa debe la viazi, vikauzwa barabarani. Mwenye viazi alijua bendera ile ni yake.

Na neno lao lilikuwa moja: maji. Tajiri mmoja wa mbao, Mwageni, alikuwa amepanda mikaratusi kuzunguka chanzo cha maji, na mikaratusi inakunywa kama imelaaniwa. Kijito kilikuwa kimebaki tope. Akina mama walikuwa wakishuka bondeni gizani kuchota. Mashina yote yalisema, tukipata diwani wetu, miti ile itaondoka. Diwani huyo wakamtaka awe Leokadia.

Kampeni zilipokaribia, akaja katibu wa chama kutoka wilayani, Festo Kihwele, kijana mwerevu, mwenye haraka. Akawakuta Leokadia na mzee Atilio wakichambua maharage ya mbegu.

"Mama, nimekuja na habari njema," akasema. "Tumepata mfadhili. Atatoa lori, fulana, kofia na spika kubwa. Kata nzima itatetemeka."

"Mfadhili nani?" mzee Atilio akauliza.

"Bwana Mwageni."

Mzee akaacha kuchambua. "Na chanzo cha maji?"

"Mzee wangu, hilo tusiliseme jukwaani kwa sasa. Tutasema maendeleo. Maendeleo hayamkeri mtu. Tukishashinda, ndipo tutakaa naye tuzungumze."

"Mtu akikuvisha fulana, mwanangu, ujue na mdomo wako ameupima," mzee akasema. Kisha akamgeukia Leokadia. "Mwanangu, wewe ndiye unayegombea. Unasemaje?"

Leokadia akaendelea kuchambua. Alifikiria wagombea wa upande wa pili, wenye magari na muziki, na yeye na viatu vyake vilivyopasuka. Alifikiria pia jinsi ambavyo angeweza kuiondoa ile miti akishakalia kiti. Hakuwa mtu wa tamaa. Alichoka tu kuwa mnyonge.

"Baba, tulichukue lori," akasema. "Maji tutayadai baadaye."

Mzee Atilio akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye maharage yake. Hakugombana naye. Ila tangu siku hiyo hakupanda lori lile hata mara moja. Aliendelea kutembea kwa miguu, na kifua chake kilikuwa kibovu, na mvua zilikuwa zimeanza.

Lori lilifanya kazi yake. Liliwazoa vijana kutoka mji mdogo wa barabarani na kata za jirani, likawashusha uwanjani wakiwa na fulana mpya, wakacheza, wakapiga vigelegele. Leokadia alisimama juu ya bodi akasema maendeleo, maendeleo, na spika ikaitupa sauti yake hadi ng'ambo ya bonde. Akina mama wa Ilindiwe walisimama pembeni na ndoo zao. Walisubiri aseme neno la maji. Hakulisema. Mabalozi wa mashina walipotaka kuzungumza, waliambiwa ratiba imebana.

Siku moja kabla ya kufunga kampeni, wakiwa mbali huko mwisho wa kata, simu ikaja. Mzee Atilio amefariki. Maziko ni kesho mchana.

Leokadia akakaa chini palepale. "Nirudisheni nyumbani," akasema.

"Mama, pole sana," akasema Festo. "Lakini kesho ndiyo siku kubwa. Mfadhili mwenyewe anakuja. Watu wote hawa tuwaambie nini? Keshokutwa tutakwenda na rambirambi nzuri, tena sisi wote."

Akabaki. Kesho yake alihutubia umati ambao hakuwahi kuuona mfano wake maishani, na baadaye hakukumbuka alichosema.

Alipofika msibani, kaburi lilikuwa tayari na mashada. Mjane, Mama Gaudensia, alimpokea, akampa kigoda. Leokadia akatoa bahasha ya rambirambi.

"Imetoka kwa nani?" mjane akauliza.

Leokadia akainamisha macho; fedha zilikuwa za Mwageni.

"Basi irudishe, mwanangu. Mashina yalikuja yote. Walichimba kaburi kwenye mvua, wakaleta unga, wakaleta kuni." Akamrudishia bahasha mkononi. "Walikuulizia."

Leokadia angependa atukanwe.

Uchaguzi ukaja, na chama kikaanguka vibaya, hata katika kituo cha jirani na nyumba ya mzee Atilio. Festo alikasirika kama mtu aliyeibiwa. Akazunguka na Leokadia akitafuta msaliti, mpaka wakafika kwa Mama Gaudensia.

"Mama, uwanja ulijaa!" akasema. "Ule umati wote ulikwenda wapi?"

"Ulirudi kwao," mjane akajibu. "Mliwapakia, mkawashusha, lori likawarudisha. Hapa kulikuwa na watu, baba, mkawapita barabarani mkiwarushia vumbi. Shina haliletwi kwa lori. Shina huota, tena mahali pamoja, na wa kulimwagilia yupo kaburini pale."

Festo akaaga, akaondoka. Leokadia hakuondoka. Alikwenda kaburini, akapiga magoti, akalia kilio alichokuwa anadaiwa. Aliporudi, Mama Gaudensia alimwambia, "Balozi wa shina la mtoni anaumwa, na shamba lake limemezwa na majani." Basi Leokadia akaazima jembe, akaenda.

Watu hawakumsamehe upesi, wala yeye hakuwaharakisha. Hakugombea tena kamwe. Alirudi kubisha hodi, akilitaja lile neno la maji kila kizingiti, na mahali pengine hodi yake haikuitikiwa kwa muda mrefu. Lakini mashina yalisimama upya. Uchaguzi uliofuata yalimpitisha binti wa balozi yule wa mtoni, akashinda, na mikaratusi ile ikaja kung'olewa mmoja mmoja mbele ya macho ya Mwageni.

Kabla ya ushindi huo, Mwageni alituma lori tena, limejaa fulana za rangi ya chama. Dereva alilisimamisha uwanjani akauliza mwenyeji ni nani. Akajitokeza Leokadia, mvi zimemjaa, na udongo mikononi.

"Rudi nalo, mwanangu," akamwambia, bila ukali. "Mwambie tajiri wako tunamshukuru. Lakini hapa tulishafundishwa, na ada tuliilipa kaburini. Shina haliletwi kwa lori."