Maji Yaliyobaki Ndivani

Hapo zamani, siku zile bwana shauri, mtawala wa wilaya wa Kijerumani, akikohoa tu milima yote ya Upare husimama wima, palikuwa na mgawa maji aitwaye Kajiru. Yeye ndiye aliyeshika kizibo cha ndiva, bwawa la udongo lililonywesha mashamba. Desturi ilikuwa moja: pembe ikipulizwa, watu huenda kuzoa tope la ndiva. Asiyezoa tope hapati maji.

Kijijini hapo alikuwapo mwanamke aitwaye Nakijwa. Mumewe alikataa kazi ya barabara ya serikali, akafia kifungoni. Bwana shauri akalitwaa shamba lao, akampa mpagazi wake Kapela, Mnyamwezi. Nakijwa akabaki na kipande cha mawe pembeni.

Watu walimchukia Kapela kwelikweli. Pembe ikipulizwa, Kapela huja na jembe lake. Akija, Kajiru humfukuza. "Rudi kwenu, mtu wa kuja!"

Ukame ukaingia. Bwana shauri akaamuru: kesho Kapela apewe maji. Alfajiri yake Nakijwa akabomoa ukuta wa ndiva, Kapela asiyapate. Kapela akaona maji yanamwagika, akajitosa, akaziba pengo kwa mgongo wake, akapiga kelele. Kajiru alizisikia. Mwache apige, akasema moyoni, akamaliza uji wake kwanza. Kisha roho ikamsuta, akabeba udongo, akaenda kuziba.

Maji yaliyobaki yalitosha shamba moja tu. Mahindi yalikuwa yanachanua, na ambaye hatapata maji leo atalala njaa mwaka mzima.

Nakijwa akamwambia Kajiru, "Nimebomoa, sikatai. Lakini tope la ndiva hii nimelizoa tangu usichana wangu, na shamba nimenyang'anywa. Wanangu wale mawe, kaka?"

Kapela akasema, "Maji ya amri siyataki, mzee wangu. Nataka haya niliyoyazuia kwa mgongo. Kuzoa tope nilikuja, ukanifukuza wewe."

Kajiru akajikuna kichwa. Shamba lake nalo lilikuwa linakauka. Bila udongo wangu, akawaza, yule angezuia mpaka lini? Lakini akiukumbuka ule uji, aliona aibu.

Basi kizibo kimo mkononi mwa Kajiru, na jua limeshapanda. Msinitazame mimi, jamani, sikuwapo. Je, maji yale yaende shamba la nani?