Kungoja Kuulizwa Mara ya Tatu

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Maana yake ni kwamba mwenye shida akiona haya kuieleza kwa anayeweza kumsaidia, asimlaumu mtu atakapokosa msaada. Methali hiyo ingefaa kubandikwa kwenye kila gati la maziwa ya Minnesota, kule Marekani, maana watu wa huko, jamani, wana adabu ya kuudhi! Mkaribishe mmoja wao kahawa, atakataa. Mkaribishe tena, atakwambia usijisumbue. Mara ya tatu ndipo anakubali, tena nusu kikombe.

Arvid Tollefsrud alikuwa bingwa wa adabu hiyo. Alikuwa fundi wa boti za mbao, na mkono wake wa kulia ndio uliomlisha yeye na mkewe, Marlys. Jumamosi moja ya Julai walikuwa wametia nanga ziwani katika boti yao ya kustarehea, wakila sandwichi, pale kijana mmoja aitwaye Kent alipokuja mbio na boti ya kasi, huku ametazama nyuma akicheka na wenziwe. Aliwagonga ubavuni kwa kishindo. Arvid alirushwa, bega likajipiga kwenye chuma cha ukingo. Na huyo aliyegongwa akafanya nini? Akaomba radhi!

"Samahani, kijana," alisema huku ameshika bega. "Labda tulikaa njiani kwako."

"Njia gani?" Marlys alifoka. "Tumetia nanga, Arvid! Nanga!"

Askari wa kaunti alipofika kuandika taarifa, alimwuliza kama ameumia.

"Aa, niko sawa tu," Arvid alijibu, na uso umesawijika kwa maumivu. Askari akaandika alivyoambiwa.

Marlys alimsihi waende hospitali hadi sauti ikamkauka. Wapi! Kesho yake mzee alishinda gatini akiiziba boti kwa mkono wa kushoto, eti majirani wasiione ilivyobonyea. Heri Marlys alikuwa amekwisha kuipiga picha, kwa hasira tu. Kisha wakala wa bima ya Kent akapiga simu kutoka mji wa mbali, akauliza kama kuna aliyeumia.

"Niko sawa, asante. Na wewe hujambo?" alisema Arvid, na maneno yake yakarekodiwa.

"Kwa nini hukumwambia ukweli?" Marlys aliuliza, mikono kichwani.

"Aliuliza mara moja tu," Arvid alisema kwa unyonge. "Nilidhani atauliza tena."

"Bwana wee! Yule hakukukaribisha kahawa!"

Majani yalipoanza kupukutika, mkono ulikuwa hauwezi hata kusukuma randa. Wateja walianza kuja kuchukua boti zao ambazo hazijakamilika. Hapo Marlys alichoka kubembeleza, akamburura mumewe kwa daktari, kisha kwa wakili Solveig Brekke. Daktari alisema kano ya bega ilikatika siku ile ya ajali, na sasa ilikuwa imejikunja. Wakili alisikiliza kisa chote akiwa ameshika tama.

"Mzee wangu," alisema, "mtu akigongwa majini humwona daktari siku hiyo hiyo, hata akijiona mzima. Huchukua majina ya walioshuhudia. Boti huiacha ilivyo mpaka ikaguliwe. Bima ya aliyemgonga ikipiga simu, huielekeza kwa wakili wake. Na kosa lisilo lake haliombei radhi! Wewe ulifanya lipi katika hayo?"

"Hakuna," Arvid alijibu. "Samahani."

"Usiniombe radhi mimi!"

Siku ya usuluhishi kati yao na bima ya Kent, mwakilishi wa bima aliwasikilizisha ile sauti iliyorekodiwa: niko sawa, asante. Akatabasamu kama aliyekwisha kushinda. Msuluhishi, bibi mmoja mzaliwa wa maziwa hayo hayo, alimgeukia Arvid. Aliinua birika.

"Kahawa, Bwana Tollefsrud?"

"Hapana, asante."

"Kidogo tu?"

"Usijisumbue, mama."

"Ipo tele, jamani."

"Basi, nusu kikombe."

Arvid aliunyoosha mkono wa kulia kupokea. Ukafika nusu ya njia, ukaanguka juu ya meza. Tabasamu la mwakilishi likayeyuka.

"Sasa nami nakuuliza mara ya tatu," bibi alisema kwa upole. "Unaumia?"

"Naumia," Arvid alisema, na machozi yakamlengalenga. "Naumia tangu siku ile."

Picha za Marlys zilimaliza mabishano. Bima ilikubali kulipia boti na matibabu, na Arvid akapasuliwa. Lakini kano haikuwa na adabu ya kungoja kuulizwa mara ya tatu. Daktari alimwambia kwamba angefika wiki ile ya kwanza, angepona kabisa. Sasa mkono ule hautasukuma randa tena.

Karakana ikauzwa. Arvid alipokwisha kuifunga kwa mara ya mwisho, Marlys alimshika bega lile zima.

"Unasikitika, mume wangu?"

"Aa, niko..." Arvid alianza, kisha akajirudi. "Ndiyo. Nasikitika sana."

Alijibu alipoulizwa mara ya kwanza, lakini funguo za karakana zilikuwa tayari mikononi mwa mnunuzi. Hakika, mficha uchi hazai.