Chungu cha Sebuleni

Mfinyanzi hulia gaeni, wanasema; kwangu hata kuku hulia gaeni, maana vyungu vyangu vyote hupasuka motoni. Ndiyo maana Mzee Mrindoko, tajiri aliyetaka kutunyang'anya wafinyanzi bonde letu la udongo, alinichagua mimi.

“Namkunda, nifinyangie chungu cha kumtosha ng'ombe mzima. Ukikichoma kisipasuke, bonde ni lenu. Kikipasuka, ni langu.”

“Sawa, mzee. Ila niruhusu nikakifinyangie kwa dada.”

Dada yangu ndiye fundi wa kweli.

“Thubutu! Utafinyangia sebuleni kwangu, nikikuona. Na hakitoki humo mpaka kiwe tayari!”

“Haya, mzee. Umenibana.”

Nilifinyanga siku nane. Kikatokea kimepinda upande, kama kawaida yangu, na kipana kuliko mlango. Kilipokauka, niliingiza mizigo kumi ya kuni na nyasi kavu, nikaanza kukizungushia. Majirani walikuwa wamejaa madirishani, wamekuja kunicheka.

Mzee akaja mbio. “Unafanya nini?”

“Nakichoma, mzee. Si ulisema hakitoki?”

“Kitoe nje!”

“Mlangoni hakipiti. Labda tubomoe ukuta.”

Akatazama makochi yake mapya, akatazama dari la mbao.

“Niwashe,” nikamuuliza, “au unatuachia bonde?”

“Chukueni bonde lenu!”

Chungu kipo sebuleni kwake mpaka leo. Katika vyote nilivyofinyanga maishani, ni hicho tu ambacho hakijapasuka motoni.